Valini ya sita inagusa nini? Uchambuzi wa migusano katika hemoglobini ya selimundu

Chukua mnyororo wa beta wa hemoglobini ya kawaida kutoka faili 2HHB la Benki ya Data za Protini. Chukua na mnyororo wa beta wa hemoglobini ya selimundu kutoka faili 2HBS. Chora ramani ya migusano ya kila mmoja kwa kipimo kinachofundishwa mwanzo kabisa: asidi amino mbili zinagusana ikiwa kaboni alfa zake (atomi ya kaboni ya katikati ya kila asidi amino) haziachani zaidi ya angstromu 8, angstromu moja ikiwa sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Weka ramani moja juu ya nyingine. Zinakaribia kulingana nukta kwa nukta. Mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, bandama yake imekufa kidogo kidogo, hatari ya kiharusi inamnyemelea. Na ramani inasema hakuna kilichobadilika.

Hesabu ya ramani hiyo ni sahihi. Kilichokosewa ni swali. Ugonjwa huu hauko ndani ya mnyororo mmoja, uko pale molekuli moja inapoishika nyingine, na ramani ya mnyororo mmoja haiwezi kuona nje ya mnyororo huo. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua: jibu lake linajulikana vizuri, kwa hiyo kila kosa la njia linaonekana wazi.

Kwanza mambo ya msingi. Molekuli moja ya hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: alfa mbili zenye asidi amino 141 kila moja, na beta mbili zenye 146 kila moja, jumla 574. Kila mnyororo umebeba hemu moja yenye atomi ya chuma. Katika selimundu, herufi moja ya jeni ya beta imebadilika, GAG ikawa GTG, na asidi amino ya nafasi ya 6, glutameti, ikawa nyingine, valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti. Vernon Ingram akabainisha badiliko lenyewe miaka ya 1956 na 1957. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 kazi aliyoifanya Afrika Mashariki ikionyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni hii anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu Tanzania, Kongo, Uganda na Kenya zina wagonjwa wengi hadi leo.

Hemoglobini hii ikiwa na oksijeni haina tatizo. Ikishaitoa, molekuli hushikana na kuwa nyuzi ndefu ngumu, kila uzi ukiwa na mistari 14 ya molekuli iliyopangwa kama nyuzi pacha 7 zilizosokotana. Nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli nyekundu. Faili 2HBS, lililochapishwa mwaka 1997 kwa ukali wa angstromu 2.05 (namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi), lina fuwele ya hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, na ndani yake molekuli zimejipanga katika uzi pacha uleule unaojenga nyuzi za kwenye seli. Swali letu basi ni hili: katika uzi pacha huo, valini ya sita inagusa nini, na mgusano huo una uzito gani?

Kabla ya kuhesabu chochote, tuelewane kuhusu namba. Maabara za jeni siku hizi huandika badiliko hili kuwa la nafasi ya 7, kwa sababu huanza kuhesabu na methionini ya kwanza, ambayo mwili huiondoa protini ikishatengenezwa. Mfuatano wa beta, wenye namba P68871 kwenye hifadhi ya UniProt, huhesabu vivyo hivyo, na umbo lililokisiwa na AlphaFold, programu ya kukisia maumbo ya protini, kutokana na mfuatano huo pia. Mafaili ya fuwele, 2HHB na 2HBS, huhesabu protini iliyokomaa: valini 1, histidini 2, lusini 3, threonini 4, prolini 5, kisha nafasi ya 6, na nafasi ya 7 ni glutameti nyingine. Ukichanganya vyanzo viwili bila kusawazisha, skripti haitalalamika. Itakupa glutameti ya 7 ukidhani ni ya 6, na jedwali litaonekana safi kabisa. Dawa ni kuiamuru skripti ichapishe jina la asidi amino pamoja na namba kila mara, na isimame ikiwa nafasi ya 6 ya beta katika 2HBS si valini.

Sasa, mgusano ni nini? Faili la fuwele halina mstari wowote unaosema kwamba hiki kinagusa kile. Lina mahali pa kila atomi tu. Mgusano ni uamuzi wa mchambuzi. Kipimo cha kaboni alfa ndani ya angstromu 8 ni chepesi na kinafaa kulinganisha mikunjo ya minyororo mizima, lakini tazama kinavyofanya hapa. Toka kaboni alfa ya valini hadi ncha ya tawi lake, yaani sehemu inayoitofautisha na asidi amino nyingine, ni angstromu 2.5 hivi. Toka kaboni alfa ya fenilalanini hadi atomi ya mwisho ya pete yake ni karibu 5.1. Zikikutana ncha kwa ncha kwa umbali wa angstromu 4, kaboni alfa zake zinaweza kuwa zimeachana kwa 11 na ushee. Kwa kipimo cha 8, jozi hiyo haipo. Upande wa pili, kaboni alfa mbili zilizo angstromu 6 kando kando zinaweza kuwa zimegeuziana mgongo, matawi yakielekea pande tofauti, na kipimo kikazihesabu. Kutumia kaboni beta, ile ya kwanza ya tawi, badala ya alfa, huku glisini ikibaki na alfa kwa kuwa haina beta, hupunguza kosa la aina ya pili, ila jozi ndefu kama lisini na glutameti bado hupotea.

Kwa swali letu kipimo sahihi ni umbali mdogo kuliko wote kati ya atomi nzito za asidi amino mbili, yaani atomi zote isipokuwa haidrojeni, na umbali huo usizidi angstromu 4.5. Kikomo cha 4.5 kina sababu ya kifizikia: kaboni mbili zinazogusana bila kusukumana hukaa kati ya angstromu 3.4 na 4.0 hivi, na molekuli ya maji haiwezi kuingia katikati ya kaboni zilizo karibu kiasi cha 4.5. Zikiachana kwa 6 au 7, maji yanaweza kupita, na kilichoitwa mgusano kinakuwa ujirani tu. Bondi za haidrojeni zihesabiwe peke yake, mtoaji na mpokeaji wakiwa ndani ya 3.5 na pembe yao ikikaguliwa. Vifungo vya chaji, kati ya nitrojeni ya lisini au arjinini na oksijeni ya aspateti au glutameti, viwe ndani ya 4.0.

Faili nalo linahitaji kusafishwa. Ondoa maji, lakini weka nakala yenye maji pembeni, maana baadhi ya migusano kwenye nyuso za protini hupitia molekuli moja ya maji. Hemu usizifute, zitenge. Asidi amino yenye mikao miwili ya tawi katika faili ichukuliwe ule wenye ukaaji (sehemu ya molekuli zilizo katika mkao huo) mkubwa zaidi, la sivyo mikao yote miwili itahesabiwa na mgusano mmoja utakuwa viwili. Ukitumia faili la muundo wa mmCIF, kumbuka kwamba lina majina mawili ya minyororo: yale ya waandishi wa umbo na yale ya hifadhi. Katika majina ya hifadhi kila hemu huwa na herufi yake, tofauti na mnyororo unaoibeba. Biopython, maktaba ya Python ya kazi hizi, husoma majina ya waandishi isipoambiwa vinginevyo. Programu nyingine hufanya kinyume. Watu wawili wanaweza kuleta majedwali yanayopingana, na tofauti pekee ikawa herufi.

Kisha pima mambo ambayo jibu lake linajulikana kabla ya kupima usilolijua. Chuma cha hemu ya beta kinashikwa na histidini ya 92, na cha alfa na histidini ya 87. Umbali wa nitrojeni na chuma uwe karibu angstromu 2.1 au 2.2. Ukipata 8, umechanganya minyororo au namba. Kipimo cha pili ni vifungo vya chaji vinavyoitambulisha hemoglobini isiyo na oksijeni: histidini ya 146 ya beta na aspateti ya 94 ya mnyororo huohuo, na ncha ya mwisho ya beta na lisini ya 40 ya alfa ya upande wa pili wa molekuli. Hiki cha mwisho huwakosesha wengi. Skripti za vifungo vya chaji huorodhesha oksijeni za aspateti na glutameti pekee, zikasahau kwamba asidi amino ya mwisho ya kila mnyororo ina kundi la asidi lililo wazi, lenye atomi iitwayo OXT. Kama lisini ya 40 haionekani kwenye orodha yako, rekebisha hilo kwanza, wala usiendelee.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayoamua kila kitu: nani ni jirani wa nani. 2HBS ina minyororo minane, A hadi H. A hadi D ni molekuli ya kwanza, E hadi H ya pili. Alfa ni A, C, E na G, beta ni B, D, F na H. Kila mgusano upewe alama mojawapo ya tatu: ndani ya mnyororo, kati ya minyororo ya molekuli moja, au kati ya molekuli na molekuli. Ni kundi hili la tatu tu linalohusu selimundu. Ni dogo mno likilinganishwa na mengine mawili, na likichanganywa nayo linamezwa.

Lakini molekuli mbili za kwenye faili hazitoshi. Fuwele ni mpangilio unaojirudia, na faili limeandika kipande kimoja tu cha marudio hayo. Katika uzi pacha kila molekuli ina majirani juu na chini yake kwenye mstari wake, na majirani wawili wa ubavuni kwenye mstari wa pili. Faili lenye molekuli mbili haliwezi kuonyesha majirani hao wote. Ni lazima uzalishe nakala za ulinganifu. Kwenye PyMOL, programu ya kutazama maumbo ya protini, amri ni symexp, ukiweka umbali wa 5. Kwenye ChimeraX, programu nyingine ya aina hiyo, ipo crystalcontacts. Maktaba ya gemmi ndiyo tunayoipendekeza kwa kazi ya skripti, kwa sababu utafutaji wake wa majirani unaujua ulinganifu wa fuwele wenyewe. NeighborSearch ya Biopython haiujui: inachukua atomi ulizoipa na basi. Ukizalisha nakala kwa PyMOL, zote hubeba herufi zilezile A hadi H, kwa hiyo zipe majina mapya kabla ya kuziunganisha, vinginevyo valini ya B na valini ya nakala ya B zitasomeka kuwa kitu kimoja.

Utafutaji wenyewe ni mwepesi. Molekuli mbili zina atomi nzito takriban 8,800. Kulinganisha kila moja na kila nyingine ni jozi karibu milioni 39, kazi inayowezekana lakini ya kupoteza muda, ndiyo maana hutumika mti wa kutafutia majirani. Kwenye Biopython omba matokeo ya ngazi ya atomi, si ya asidi amino. Ngazi ya asidi amino hurudisha jozi tupu bila umbali wala atomi zilizogusana, na bila hivyo huwezi kutofautisha mgusano wa matawi yanayokwepa maji na ule wa chaji.

Kuna kosa moja hapa linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa linafanywa hata na wenye uzoefu. Ndani ya mnyororo mmoja ni desturi kutupa jozi zilizokaribiana kwa mfuatano, tuseme tofauti ya namba ikiwa chini ya 3 au 4, kwa sababu majirani kwenye mfuatano hugusana tu, watake wasitake. Sharti hilo likiandikwa kama tofauti ya namba bila kuuliza kama mnyororo ni uleule, litafuta pia jozi za minyororo tofauti ambazo namba zake zimekaribiana kwa bahati. Threonini ya 4 ya mnyororo mmoja na prolini ya 5 ya mwingine hazina ujirani wowote wa mfuatano. Protini yenye nakala nyingi za mnyororo uleule, kama hii, ndiyo inayoumia zaidi.

Sasa matokeo. 2HBS ina valini za sita nne, moja kwa kila beta. Katika uzi pacha ni moja tu kwa kila molekuli iliyozama ndani ya molekuli ya jirani wa ubavuni. Nyingine haishiriki mgusano huo. Usiamue kwa kukariri herufi ni beta ipi. Iache skripti iseme, kwa kupanga valini zote nne kwa idadi ya atomi za jirani zilizo ndani ya 4.5. Utofauti unajitokeza wenyewe.

Valini iliyozama imekaa katika kishimo kwenye uso wa beta ya jirani, pale heliksi E (heliksi ni sehemu ya mnyororo iliyojisokota) inapokutana na F. Kuta za kishimo ni alanini ya 70, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, zote zikiwa zinakwepa maji. Kando yake, threonini ya 4 ya mnyororo ulioleta valini inapeana bondi ya haidrojeni na aspateti ya 73 ya mnyororo wenye kishimo. Weka hapo glutameti badala ya valini na utaona kwa macho kwa nini hemoglobini ya kawaida haishikani hivi: chaji hasi ingelazimika kuyaacha maji iliyozoea na kuingia kati ya pete ya fenilalanini na tawi la lusini, bila chaji chanya ya kuipokea, huku aspateti ya 73, hasi nayo, ikiwa jirani.

Kishimo hicho si kigeni. Hemoglobini ya kila mtu inacho, kwa sababu asidi amino za 70, 85 na 88 hazijabadilika. Kilichobadilika ni upande unaochomeka tu. Jambo hili lina matokeo kwa wenye nakala moja ya jeni. Molekuli mseto, yenye beta moja ya kawaida na moja ya selimundu, inaweza kuingia kwenye uzi, kwani inahitaji valini moja tu iliyokaa upande ufaao, na kishimo hata beta ya kawaida inacho. Idadi ya valini zinazofanya kazi kwa kila molekuli inaonekana ni jambo dogo la kuhesabu, kumbe ndiyo inayoeleza hilo.

Valini nne zenye hali mbili zinakupa pia kipimo cha kulinganisha cha bure. Ni mfuatano uleule, fuwele ileile, mchambuzi yuleyule. Moja iko kishimoni, nyingine iko nje. Pima eneo la uso linalofikiwa na maji kwa kila valini mara mbili, kwanza molekuli ikiwa peke yake, kisha ikiwa pamoja na majirani zake wote, kwa kutumia programu ya FreeSASA na tufe la angstromu 1.4, linalowakilisha molekuli ya maji. Tofauti ndiyo eneo lililofichwa. Kipimo hiki hakitegemei kikomo cha 4.5, hivyo kikikubaliana na orodha ya migusano una ushahidi wa njia mbili zisizoegemeana. Kosa la kawaida: kupima hali ya peke yake kwa kuutoa mnyororo mmoja kutoka kwenye molekuli badala ya molekuli nzima. Hapo unafichua na nyuso za alfa na beta zinazokutana siku zote, na eneo linavimba bila sababu.

Usiusome umbali mmoja mmoja kana kwamba umepimwa kwa rula. Kwa ukali wa 2.05, mahali pa atomi huweza kukosewa kwa angstromu 0.2 au 0.3, na zaidi pale kipimo B (kinachoonyesha jinsi atomi inavyotikisika au mahali pake pasivyo na uhakika) kinapokuwa kikubwa, kama inavyoweza kuwa kwenye ncha za minyororo. Mgusano wa 4.4 na usio mgusano wa 4.6 ni kitu kilekile. Endesha hesabu kwa 4.0, kwa 4.5 na kwa 5.0. Inayobaki katika orodha zote tatu iandike kwa herufi nzito. Inayotokea kwenye 5.0 pekee ijadiliwe kwa uangalifu au iachwe.

Vipi kuhusu hemoglobini yenye oksijeni? Hapa kuna mtego mwingine. Faili 1HHO, la hemoglobini yenye oksijeni, lina alfa moja na beta moja tu. Nusu nyingine hupatikana kwa ulinganifu. Atakayelichukua lilivyo atahesabu molekuli nusu na kutangaza kwamba migusano imepungua kwa nusu. Tumia faili la mkusanyiko wa kibiolojia, lenye molekuli nzima. Ukishafanya hivyo utaona kwamba kishimo cha 85 na 88 bado kipo. Kinachobadilika ni mpangilio wa nusu mbili za molekuli, zinazozunguka kwa takriban digrii 15 baina ya hali mbili. Linganisha kwa kuilaza beta moja tu ya hali ya oksijeni juu ya beta yenye kishimo, kisha tazama minyororo mingine mitatu ilikokwenda. Uzi pacha unaidai kila molekuli ishikwe kwa wakati mmoja ubavuni na juu na chini. Nusu zikizunguka, mguso mmoja ukikaa sawa mingine inaachia.

Uzito wa mgusano wenyewe unashangaza kwa udogo wake. Tawi la valini likiwa wazi kabisa lina eneo lisilozidi angstromu za mraba 120 hivi. Kwa makadirio yanayotumika sana, ya kalori 25 kwa moli kwa kila angstromu ya mraba inayofichwa kutoka kwenye maji, hata kulificha lote kungeleta kilokalori 3 tu kwa moli. Ni nguvu ndogo. Haitoshi kushikanisha molekuli mbili kwenye maji mengi. Lakini seli nyekundu si maji mengi: ina hemoglobini karibu gramu 33 katika kila mililita 100, molekuli zimebanana bega kwa bega. Na migusano mingine yote ya uzi pacha, ya juu na chini, imejengwa na nyuso zilizomo pia katika hemoglobini ya kawaida. Hemoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni yenyewe inaweza kushikana ikiwekwa katika fosfeti nyingi sana maabara. Kilokalori zile chache zinaangukia kwenye mizani iliyokuwa karibu kupinduka. Kwa hiyo anayeandika kwamba valini inaunda nyuzi aongeze sharti: katika msongamano huu, na kwa msaada wa migusano hii mingine, ambayo orodha yako inapaswa kuitaja.

Orodha ya migusano ya fuwele haiwezi kukuambia peke yake ipi ni ya uzi na ipi ni ya fuwele tu. Molekuli kwenye fuwele zimenyooka. Kwenye nyuzi za seli zimesokotana. Migusano ya ndani ya uzi pacha inahifadhiwa kwa sehemu kubwa, ile ya kati ya uzi pacha mmoja na mwingine haipaswi kuaminiwa. Ushahidi wa kutenganisha hutoka kwa watu wenyewe, kwenye mabadiliko mengine ya hemoglobini ambayo maumbile yameshayafanya.

Hemoglobini ya Korle-Bu, iliyopewa jina la hospitali ya Accra, ina asparajini mahali pa aspateti ya 73. Ni nafasi ileile inayopeana bondi na threonini ya 4, na hemoglobini hiyo ikichanganyika na ya selimundu, ushikanaji unapungua. Hemoglobini C-Harlem ina mabadiliko yote mawili kwenye mnyororo mmoja, valini ya 6 na asparajini ya 73, na hushikana kwa taabu kuliko ya selimundu. Hemoglobini ya mtoto mchanga ina mnyororo uitwao gama badala ya beta, na kwenye nafasi ya 87, pembeni kabisa mwa kishimo, ina glutamini mahali pa threonini. Glutamini, tafadhali, si glutameti. Moja haina chaji, nyingine ina chaji hasi, na kuzichanganya hapa kunavuruga hoja yote. Molekuli mseto zenye gama haziingii kwenye uzi. Ndiyo maana watoto wa selimundu hawana dalili miezi ya mwanzo, na ndiyo maana dawa ya hydroxyurea, inayopandisha hemoglobini hiyo ya utotoni, inasaidia. Upande wa pili kuna hemoglobini Antilles, yenye valini ya 6 na isoleusini mahali pa valini ya 23: inashikana kwa urahisi zaidi, kiasi kwamba hata mwenye nakala moja huumwa.

Jaribio la kufanya mwenyewe ni lile la nafasi ya 87. Badili threonini kuwa glutamini kwenye beta yenye kishimo, kisha ujaribu mikao yote ya kawaida ya tawi lake, si ule mmoja unaoletwa na programu kwanza. Kwa kila mkao hesabu jozi za atomi nzito zinazokaribiana chini ya angstromu 3.0 na mnyororo wa jirani, ukiziondoa bondi za haidrojeni. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye beta isiyopokea valini. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inayosema kitu. Idadi ya kwanza peke yake haina maana. Badiliko hilihili la 87 ndilo lililowekwa kwenye beta ya tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, ambapo jeni huingizwa kwenye seli za uboho za mgonjwa mwenyewe. Toleo lingine la beta lililobuniwa na watafiti liliongeza alanini mahali pa glutameti ya 22, iliyopo kwenye migusano ya juu na chini, ili uzi ukatwe sehemu mbili.

Anayetaka njia ya mkato ataukisia mnyororo wenye valini kwa AlphaFold na kuulinganisha na wa kawaida. Atarudi palepale tulipoanzia: mnyororo mmoja, mkunjo uleule, ramani mbili zinazolingana. Hakuna kisichoeleweka humo, kwa kuwa badiliko liko juu ya uso na halivunji mkunjo.

Jedwali la mwisho liwe na safu hizi kwa kila mgusano wa kati ya molekuli: faili, mnyororo na namba ya nakala ya ulinganifu, asidi amino na namba yake ya protini iliyokomaa, atomi mbili zilizokaribiana zaidi, umbali kwa desimali moja tu, aina ya mgusano, kipimo B cha atomi zote mbili, vikomo ambavyo mgusano umestahimili, na kama upo ndani ya uzi pacha au la. Mistari ya valini ya 6 itakuwa michache, na kila mmoja wake uweze kufunguliwa kwenye ChimeraX na mtu mwingine, akaukuta pale ulipoandikwa.